Cheti ni cha jengo kubwa, harufu ya rangi ni ya nyumba yetu

Mkandarasi anayeomba kazi ya kujenga ofisi, shule ao kituo cha afya kwa pesa za mfadhili wa nje anaweza kukuta sharti moja ndani ya kitabu cha masharti: rangi ya kuta za ndani iwe « à faible émission », yaani rangi isiyotoa kemikali nyingi hewani. Wengi wanalisoma haraka haraka na kupita. Wanaona ni mambo ya wazungu, sawa na paneli za jua na choo cha maji kidogo: mfadhili akitaka tutaandika ndiyo, kisha tutanunua rangi ile ile ya siku zote.

Sisi tunaona sharti hilo lisomwe polepole, tena si na wakandarasi peke yao. Linawagusa wasomaji wetu wa Kamituga, Misisi, Shabunda, Nyabibwe na Numbi. Pesa ya dhahabu na ya coltan haikai mfukoni. Ikifika Bukavu inakuwa matofali, mabati na simenti ya Cimerwa kule Panzi, Cimpunda ao Muhungu. Na tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, baada ya AFC/M23 kuingia mjini, kwa familia nyingi nyumba ndiyo benki yenyewe. Kazi ya mwisho juu ya nyumba hiyo ni rangi. Rangi ikishika kidogo tu, watoto wanalala ndani.

Tuanze na vyeti, sababu watu wanavichanganya. Kinachosikika sana Afrika ni EDGE, mfumo wa IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na kampuni za binafsi. EDGE inadai jengo lipunguze kwa asilimia 20 umeme linaotumia, maji linayotumia, na ile nishati ao kaboni iliyoingia katika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Basi. Rangi inahesabiwa pale tu inaporudisha joto la jua: bati jeupe, ukuta wa nje mweupe. Hewa anayovuta mtu ndani ya chumba haimo katika hesabu hiyo. Kumbe jengo linaweza kupata cheti cha kijani, likapigwa picha na kukatwa utepe, na hakuna aliyeuliza ndani ya ndoo ya rangi kulikuwa nini.

Cheti cha LEED, kinachotoka kwa baraza la majengo ya kijani la Marekani, kinauliza. Katika toleo lake la 4.1, anayetafuta alama za vifaa visivyochafua hewa anatakiwa rangi zote za ndani zitimize kikomo cha kemikali zilizomo ndani ya kopo. Juu ya hapo, asilimia 75 ya rangi hizo zipimwe ndani ya chumba cha maabara kuona zinatoa nini hewani. Kwa rangi ya kawaida ya ukuta kikomo ni gramu 50 kwa lita. Na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilipitisha mwaka wa 2019 kanuni zake za chini za majengo ya kijani, kwa majengo makubwa. Mambo haya hayako mbali na sisi tena. Ni mwendo wa kuvuka daraja.

Gramu 50 za nini? Za kile Wafaransa wanaita COV, kemikali zinazoruka hewani rangi inapokauka. Ndizo zinazofanya rangi ya mafuta inuke na kukata pumzi. Kazi yao ni kulainisha rangi ili itembee chini ya brashi. Ikishatembea, hazina kazi tena, zinatoka. Zinatoka kwanza kwa wingi, siku za mwanzo, kisha kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Tupige hesabu ya chumba kimoja. Chumba cha metre 4 kwa 3, ukuta wa metre 2,70. Ukitoa mlango na dirisha, unabakia na kama metre za mraba 35 za kupaka. Lita moja inafunika karibu metre 10, kwa hiyo mikono miwili inakula lita 7. Kama ni rangi ya maji yenye gramu 30 kwa lita, ambacho ni kikomo cha Umoja wa Ulaya tangu 2010 kwa rangi isiyong'aa ya kuta za ndani, chumba kitapokea gramu 210. Kama ni rangi ya mafuta yenye gramu 400 kwa lita, na hizo hazikosi sokoni, chumba kitapokea kilo 2,8. Karibu kilo tatu za kemikali, ndani ya chumba kimoja, na sehemu kubwa inatoka wiki ile ile watoto wanapohamia. Sasa mpaka rangi akiongeza lita moja ya essence ili rangi iende mbali, anaongeza zaidi ya gramu 700 kwa mara moja. Tena essence ina benzini ndani, kitu ambacho wataalamu wa saratani wamekiweka katika kundi la kwanza, lile la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Hapo njo tunaomba msomaji asimame kidogo. Mtu wa shimo anajua vumbi. Anajua kwamba jiwe kavu likitobolewa linatoa unga unaokaa kifuani, na kwamba maji kidogo juu ya jiwe yanabadilisha mambo. Rangi ni vile vile, ila adui wake haonekani. Na vijana wengi wanaotoka kwenye mashimo yaliyojaa maji wakati wa mvua wanatafuta kibarua mjini. Kupaka rangi ni moja ya vibarua vya kwanza wanavyopata, maana havidai diploma. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, lile lenye makao Lyon, liliweka kazi ya mpaka rangi katika kundi la kwanza tangu 1989, kwa ajili ya saratani ya mapafu hasa, kisha ya kibofu. Kule Denmark, katika miaka ya 1970 na 1980, madaktari waliona wapaka rangi wengi wanapoteza kumbukumbu na kushikwa na hasira bila sababu. Waliotazamwa walikuwa wamevuta dawa ya kuyeyushia rangi kwa miaka mingi. Serikali yao haikusema wavae barakoa tu. Iliweka sheria inayolazimisha kutumia rangi ya maji pale inapowezekana. Kule sheria ilianza kwa kumlinda mfanyakazi. Kwenye vyeti vya leo anayetajwa kwanza ni mkaaji wa jengo, na mwenye brashi anakuja nyuma. Kwetu sisi hilo ni kosa la vyeti hivyo, na mfadhili anayedai rangi safi alipaswa pia kuuliza kijana aliyeipaka alipewa nini cha kujikinga, na dirisha lilikuwa wazi ao hapana.

Tuje kwenye etiketi. Hapa wasomaji wetu wa Kalehe na Walungu hawahitaji mwalimu. Tangu mfumo wa ITSCI uanze kufunga vitambulisho kwenye mifuko ya kasiterite na coltan, kila mchimbaji anajua kwamba kitambulisho na kilicho ndani ya mfuko ni mambo mawili. Mwaka wa 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyosema madini ya mashimo yasiyothibitishwa yalikuwa yanaingia katika mfumo huo, na eneo la Nzibira lilitajwa. ITSCI ilikana. Lakini waliosimama karibu na mizani wana maoni yao.

Basi rangi nayo ina etiketi zake, na si zote zina uzito mmoja. Neno « écologique » juu ya kopo peke yake halithibitishi kitu, hata kama kuna picha ya jani. Neno « sans odeur » ni la hatari zaidi, sababu inawezekana kuondoa kwenye dawa ya kuyeyushia zile sehemu zinazonuka na kuacha zingine zinazoruka vile vile. Pua yako inatulia, mapafu yanaendelea kupokea. Ufaransa iliweka alama ya lazima kwa rangi na vifaa vingine vya ndani, kuanzia 2012 kwa bidhaa mpya na 2013 kwa zote: A+, A, B ao C, kufuatana na kinachopimwa hewani baada ya siku 28. Alama hiyo inasaidia, ila ijulikane kwamba mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza daraja lake, kwa dhamana yake. Na ni ya soko la Ufaransa. Kopo la Nairobi, Kampala ao Kigali linaweza kuwa zuri na lisiwe nayo. Kopo lililojazwa upya mahali fulani linaweza kuwa nayo na lisiistahili.

Kilicho na uzito zaidi ni mstari mdogo ambao watu hawasomi. Kwenye kopo lililotengenezwa kwa soko la Ulaya kuna maneno kama haya: « Valeur limite UE pour ce produit (cat. A/a) : 30 g/l. Ce produit contient max. … g/l COV ». Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kutafuta. Kwa rangi za kanda yetu, namba inatafutwa ndani ya fiche technique. Mwenye duka asipokuwa nayo, aiombe kwa anayemletea; simu leo inapokea karatasi hiyo kwa dakika moja. Muuzaji anayeambiwa swali hilo na wateja kumi atatafuta jibu. Akiambiwa na mteja mmoja atacheka.

Kuna mtego mwingine ambao hata wakandarasi wenye nia nzuri wanaanguka ndani yake. Namba ya kwenye kopo ni ya rangi nyeupe ya mwanzo. Duka likiongeza tube za kolora kupata ile njano ya mayai ao ile kijani mama wa nyumba anayoitaka, kolora zenyewe zinaweza kuleta COV zake. Anayetafuta alama za LEED analazimika kuhesabu na hizo. Anayejenga nyumba yake ajue tu kwamba kadiri rangi ilivyokolea, namba ya kopo inavyozidi kusema uongo kidogo.

Ila kuna tofauti moja kati ya kitambulisho cha mfuko na etiketi ya kopo, na kwetu ndiyo inayopima kama gharama ina maana. Kitambulisho cha madini kilitengenezwa ili mnunuzi wa mbali alale usingizi, na mzigo wa kukilipia ukashuka mpaka kwenye bei anayopewa mwenye koleo. Rangi yenye kemikali kidogo nayo inaweza kuwa na bei ya juu. Lakini faida yake haipandi ndege. Inabaki ndani ya chumba, kwa anayelala humo. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwaambia wasomaji wetu kwamba mambo ya rangi ya kijani ni ya kuchekwa, hata kama vyeti vyake tunaviona vina mashimo.

Kuna kitu kingine ambacho hesabu ya COV haikioni kabisa: risasi, ile wanaita plomb. Rangi inaweza kutimiza kikomo cha COV na bado ikawa na risasi. Inapatikana hasa kwenye rangi za mafuta zenye kolora kali, njano, machungwa, nyekundu, kijani, zile tunazopaka kwenye milango ya chuma na vyuma vya dirisha, na katika antirouille nyekundu za mtindo wa zamani. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao Nairobi, linashauri nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 kwa milioni katika rangi iliyokauka, na Kenya imeweka kikomo hicho hicho. WHO inasema hakuna kiasi cha risasi kisichodhuru mtoto. Inaingia kwenye ubongo unaokua, na kilichopotea hakirudi.

Wachimba dhahabu wana sababu ya pekee ya kuogopa neno hilo. Mwaka wa 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Hakukuwa na kiwanda. Mawe ya dhahabu ya kule yalikuwa na risasi ndani, na familia ziliyatwanga na kuyasaga nyumbani, vumbi likaingia kwenye mikeka, kuku na maji. Mama zetu wa Kamituga wanaotwanga mawe, wale tunaita twangaises, wataelewa picha hiyo bila maelezo mengi. Jiwe la Kamituga si jiwe la Zamfara, hatusemi hivyo. Tunasema vumbi la risasi halichagui limetoka wapi, kwenye mtwangio ao kwenye mlango wa zamani uliosuguliwa na papier de verre mbele ya mtoto anayetambaa.

Na zebaki? Wengi watashangaa kusikia kwamba ile ile merkiri ya kukamatia dhahabu iliwahi kuwa ndani ya rangi ya maji ya nyumba, kule Marekani, iliwekwa ili rangi isioze na isiote ukungu. Mwaka wa 1989, katika jimbo la Michigan, mtoto wa miaka minne aliumwa vibaya baada ya wazazi kupaka nyumba yao kwa karibu lita 64 za rangi hiyo, madirisha yamefungwa. Mwaka uliofuata, Agosti 1990, ilikatazwa katika rangi za ndani. Tunalikumbusha kwa sababu rangi ya maji nayo haikuzaliwa safi. Ilisafishwa kwa sheria, baada ya mtoto kulazwa.

Sasa kwetu nani anaangalia? Kazi ya kupima bidhaa zinazoingia ni ya OCC. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na jumuiya hiyo ina kazi ya kulinganisha viwango vya bidhaa kati ya nchi wanachama. Kwenye karatasi mambo yanaweza kupangwa. Kwenye barabara, ndoo za rangi zinapita Ruzizi ama zinapanda kutoka Uvira kwa njia ya Kamanyola, na kinachoulizwa kwanza ni ushuru. Mpaka wetu umepita katika mikono tofauti na kila mkono umejua kuhesabu pesa. Sisi tunasema anayechukua ushuru wa ndoo amechukua pia wajibu wa kujua ndoo ina nini. Kupima risasi hakuhitaji kupima kila kopo. Kunahitaji kuchukua makopo machache dukani mara kwa mara, kuyapeleka kwenye maabara hata ya nchi jirani, na kutangaza majina ya rangi zilizoanguka. Bila kutangaza, kupima ni kazi bure.

Wakati hilo linangojewa, kuna mambo yasiyongoja cheti. Kuta za ndani zipakwe rangi ya maji; rangi ya mafuta ibaki kwa milango na vyuma, na ipakwe nje kabla ya kufungwa mahali pake. Essence isiguse rangi hata kidogo, na hapa hatuzungumzi juu ya afya peke yake: Kadutu inajua moto, na chumba chenye mvuke wa essence pamoja na mbabula ya makala ni baruti. Tukisema makala, tuseme na ukweli wote: mbabula inayowashwa usiku katika chumba kilichofungwa, kwa sababu ya baridi yetu ya ziwa, inaua haraka kuliko rangi yoyote, na anayenunua rangi ya A+ kisha analala na mbabula ndani ameanzia mwisho. Anayeweza, apange kupaka wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, madirisha yakae wazi mchana, na mama mwenye mimba na watoto walale kwa jamaa wiki mbili ao tatu. Hata LEED ina njia ya namna hiyo: kupitisha hewa nyingi katika jengo kabla watu hawajahamia. Kwao wanafanya kwa mashine, kwetu kwa dirisha. Rangi ya zamani kwenye chuma isisuguliwe kavu. Ilowanishwe kwanza, na vumbi liokotwe kwa kitambaa chenye maji, bila kufagiliwa.

Asiye na pesa ya rangi asione haya kwa chokaa. Ukuta wa chokaa hautoi COV, ukali wake unazuia ukungu, na ukungu ni ugonjwa wa kila nyumba iliyojengwa kwenye mteremko wa Bukavu. Kasoro yake inajulikana, inaachia nguo alama nyeupe, na inadai kurudiwa baada ya muda. Anayeichanganya alinde macho, maana chokaa inachoma.

Bado kuna ndoo yenyewe. Ikiisha rangi haitupwi: inaoshwa na kuwa ndoo ya maji ya kunywa, ao inapanda moto mpaka kwenye machimbo ikabebe unga wa muhogo. Ndoo ya rangi ya mafuta isipewe kazi hiyo, hata ikioshwa mara saba. Ibebe mchanga.